Harufu Ikikatika

1

Uvumi ule niliusikia kwenye foleni ya maji, na tangu siku hiyo haukunitoka kichwani. Walikuwa wanasema hivi: ukikaa kwenye kibanda cha mvuke kule Ilindi mpaka ukaacha kusikia ile harufu ya mayai viza, ujue figo zako zimeshiba dawa. Harufu ikikatika, umepona. Nililala nao uvumi huo, nikaamka nao, nikaupika pamoja na maharage. Nilikuwa na mtoto wa figo ndani ya nyumba, na mwenye mtoto wa figo hasikii kitu kikampita.

Tena ulikuwa na sura ya ukweli. Sisi wanawake wa bonde hili tumelelewa kwenye nyungu. Unachemsha majani ya mkaratusi, mchaichai na majani ya mlimao, unajifunika blanketi zito na chungu chako, unavumilia. Mwanzo mvuke unakupiga puani mpaka machozi yanatoka. Ukiona haukupigi tena, nyungu imepoa, kazi imekwisha, jifute jasho utoke. Bibi yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na bibi yake, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuifuata pua yake. Kwa hiyo uvumi ule haukuja kwetu kama mgeni. Ulikuja umevaa kanga yetu.

Sekela binti yangu ana miaka ishirini na sita. Sukari ilimkamata akiwa na miaka tisa. Alipofika ishirini na tatu mkojo ukaanza kutoa povu kama la sabuni, miguu ikavimba, na daktari wa wilaya akasema figo zinavujisha protini, jiandaeni kwa mashine ya kusafisha damu. Tukaandikisha jina. Kulikuwa na mashine sita, na sisi tulikuwa wa mia mbili na kumi na moja kwenye foleni. Ndipo ikaja kampuni ya Figo Mpya na punje zake.

Punje yenyewe ni kama punje ya mchele kwa ukubwa. Gwamaka, fundi wa kampuni, kijana wa watu mwenye adabu, ndiye aliyeipandikiza chini ya ngozi ya Sekela, juu kidogo ya nyonga. Nikamuuliza kinachofanyika humo ndani, na hakunidharau.

"Mama, hii gesi ya mayai viza inaua, hilo unalijua. Lakini mwili wako wenyewe unaitengeneza. Kidogo sana. Figo zinaitumia kulegeza mishipa midogo na kuzuia makovu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kile kiwanda kinafungwa. Punje inarudisha kile kidogo kilichopotea, basi."

"Kidogo kama nini?"

"Chukua gunia la mchele. Punje moja tu humo ndani ikiwa ya gesi, pua yako inaijua."

Mkononi akamfunga mlinzi, kitu kama saa. Mlinzi anapima gesi kwenye damu na kwenye hewa, halafu anaiambia punje itoe au inyamaze. Bila mlinzi, punje haitoi kitu.

Mwezi wa nne povu likaisha. Nakwambia likaisha, nilichungulia beseni mwenyewe. Sekela akavaa viatu vyake vya ngozi vilivyokuwa vimekaa mwaka mzima ndani ya mfuko. Lakini akawa ananuka. Pumzi, jasho, nguo, mto wa kulalia, vyote mayai viza. Kanisani wenzake wa kwaya wakamhamishia dirishani. Sokoni watu wakawa wanaziba pua na kuitana, "Viza huyo anapita!" Mimi nilikuwa nalia. Yeye, hapana. Siku moja mwanamke muuza dagaa akamwambia asogee asije akamharibia biashara. Sekela akamtazama, akasema, "Dada, mimi nanuka nikiwa hai. Dagaa wako wana kisingizio gani?"

2

Punje zilikuwa mia nne tu, wagonjwa walikuwa maelfu. Wale waliobaki kampuni iliwajengea vibanda Ilindi, pale ardhi ilipopasuka na kutoa mvuke wenye harufu ile ile. Fito nne, turubai juu yake, kigoda ndani. Unaingia, unavuta ile hewa dakika kumi, unatoka. Walihitaji mhudumu ambaye wanawake wenzake wanamwamini, na mimi nilikuwa mfukizaji anayejulikana kata nzima. Hivyo ndivyo Sekela alivyopata nafasi. Mshahara wangu ulikuwa ile punje.

Amri zilikuwa tatu. Dakika kumi kwa saa ya ukutani. Turubai liachwe wazi shibiri mbili kwa chini. Na kabla mtu hajaingia, unaning'iniza ndani karatasi nyeupe ya kupimia. Ikigeuka nyeusi, siku hiyo hakuna kuingia.

Mwishoni mwa mwezi wa sita karatasi zikaisha. Nikamwambia mkubwa wetu, Dokta Ambindwile. Akaniwekea mkono begani.

"Zinakuja, Mama Sekela. Kwa sasa tumieni pua. Ninyi watu wa nyungu mna pua kuliko mashine."

Nikacheka. Nilifurahi kusifiwa na dokta mbele ya wenzangu. Hilo nalo liandikwe.

Baridi ya mwezi wa saba ilipokuja, wanawake wakalalamika kwamba upepo unapita chini na mvuke unatoroka. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikalishusha turubai mpaka chini na kulikandamiza kwa mawe. Nani alishawahi kuona nyungu isiyofunikwa? Dokta alipita, akaona, akaendelea na safari yake. Na uvumi ulipozidi, harufu ikikatika umepona, watu wakaja kwa wingi mpaka kutoka wilaya za mbali, na hakuna hata mmoja wa kampuni aliyesimama akasema si kweli.

Alhamisi moja asubuhi kulikuwa na ukungu, jani halitikisiki. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Tumpale, jirani yangu, mwenzangu wa kuzaliwa mwaka mmoja. Tukasalimiana kwa lugha yetu, ugonile, ndaga, tukakaa kwenye benchi tukanywa chai. Sufuria ilikuwa yangu, kikombe akaazima kwangu, ndizi za kuchemsha alikuja nazo yeye. Alikula mbili. Alikuwa amevaa hereni zake za fedha, amezing'arisha kwa majivu.

"Unakwenda kufukizwa au kuposwa?" nikamtania.

"Figo zikipona naolewa upya. Yule mzee wangu hajui kitu."

Magoti yalikuwa yanamsumbua, akasema kigoda kinamuumiza. Nikamtandikia mkeka chini. Akaingia, nikamfunga, nikakandamiza mawe.

"Mama Sekela!" akaita kutoka ndani. "Leo humu shetani amejisaidia!"

"Vumilia! Dawa haibembelezi mtu!"

Nikasikia anakohoa, anacheka, anakohoa tena. Mimi nikaendelea kuosha vikombe. Haukupita muda akaita tena, sauti imechangamka.

"We! Harufu imekatika!"

"Imekatika kweli?"

"Haki ya Mungu. Hewa kama ya mlimani. Jirani, nimepona!"

"Basi nyungu imekwisha. Malizia jasho lako utoke."

Nilimwambia hivyo. Malizia jasho lako. Ningesema toka, angetoka.

Kilichofuata ni sauti kama ya gunia kuangushwa. Nikaita, kimya. Nikatupa kikombe, nikakimbia, nikaondoa mawe, nikanyanyua turubai, nikainama niingie. Kanga yangu ikavutwa kutoka nyuma kwa nguvu nikaanguka chali. Alikuwa Sekela. Kila Alhamisi alikuja pale Ilindi kwa Gwamaka kukaguliwa mlinzi, na sasa mlinzi huyo alikuwa anapiga kelele mkononi mwake kwa sauti ile ya upole ya mwanamke wa redioni: "Hewa si salama. Mia nne na sitini. Ondoka. Panda juu. Hewa si salama."

"Niache, Sekela! Yumo ndani!"

"Ukiingia mtakuwa wawili!"

"Mbona hakuna harufu? Mwanangu, hakuna harufu kabisa!"

"Panda juu, Mama!"

Akaniburuta mpaka kwenye mwinuko kama mtu anayeburuta mbuzi. Akachukua fyekeo, akavuta pumzi, akashuka mbio, akakata kamba mbili za turubai, akarudi kuvuta pumzi, akashuka tena akakata mbili. Turubai likaanguka upande. Halafu tukasubiri. Jamani, tulimwona Mama Tumpale amelala kwenye mkeka, hatua ishirini tu, nasi tumesimama tunamsikiliza mlinzi akihesabu kushuka. Mia tatu. Mia mbili. Tisini. Ilipofika kumi tulikuwa tunakimbia. Tukamtoa, Gwamaka akaja na hewa ya mtungi, tukamsukuma kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Hakurudi. Hereni zake zilikuwa nyeusi kama zimetoka jikoni.

Gwamaka alikaa chini kwenye majani. "Mama, unakumbuka lile gunia la mchele? Punje moja, pua inajua. Ukitia ya kujaza vidole vitatu, pua inakufa. Husikii tena kitu, unadhani imeondoka. Ukitia konzi nzima, unakufa wewe. Na ni nzito kuliko hewa. Inakaa chini."

"Chini," nikasema.

"Ndiyo."

Nikautazama mkeka.

3

Kesho yake saa tatu asubuhi Dokta Ambindwile alikuja nyumbani. Hakuja kwa ukali. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kochi letu lenye harufu ya viza bila kugusa pua yake, akanywa chai. Juu ya meza akaweka kiboksi. Ndani mlikuwa na mlinzi mpya.

"Wa Sekela ni wa zamani. Nimemletea mwingine. Huyu wa zamani nitaondoka naye."

"Wa zamani hana tatizo," Sekela akasema.

"Kuna hesabu za jana zimekaa humo, dada. Hesabu za hewa. Zinaweza kusomwa vibaya."

Akanigeukia mimi. Akasema marehemu alikuwa mtu wa sukari. Akasema mtu wa sukari akichoma dawa yake bila kula, sukari inashuka, anazimia, anakufa. Familia wanaandika wasifu wa kusomwa kaburini, na mimi ndiye niliyekuwa naye mwisho, watakuja kuniuliza. Niwaambie tu kwamba hakula.

"Dokta, alikula. Alikula ndizi zake kwenye benchi langu."

"Wewe ndiye uliyelishusha turubai, Mama Sekela." Alisema taratibu, kama mtu anayekuonyesha doa kwenye gauni. "Sitaki hilo lisemwe. Sitaki wewe ufungwe. Na sikiliza, kuna watu mia nne wenye punje. Serikali ikitufungia, mitambo inazimwa, punje zote zinalala. Mia nne, mmoja wao binti yako. Yule mama amekwisha kufa. Unataka figo ngapi mikononi mwako?"

Nitasema ukweli. Nimesoma mpaka darasa la saba, na lile si swali la darasa la saba. Mia nne ni watu. Nawajua wengi kwa majina na kwa watoto wao. Dawa ile inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Mtu asije akasoma habari hii akadhani naikataa dawa.

"Na hao wanaopanga foleni kwenye vibanda?" nikauliza.

"Tutaweka mashine za kupimia."

"Lini?"

"Taratibu. Mambo ni hatua kwa hatua."

"Keshokutwa kuna watu thelathini wameandikishwa, Dokta."

Akaangalia kikombe chake. Sekela akasimama, akakichukua mkononi mwake kabla hajakimaliza.

"Chai imepoa, Dokta. Usije ukaumwa tumbo."

Alipofika mlangoni, anavaa viatu, akasema atakuwepo mazishini Jumamosi. Tuje na mlinzi wa zamani. Tusipokuja naye, ataelewa.

4

Alipoondoka niligombana na mwanangu vibaya.

"Mpe," nikamwambia. "Mpe huyo mlinzi yaishe."

"Simpi."

"Sekela, mimi ndiye niliyekuwa nachungulia beseni miaka mitatu! Unajua mama anavyochungulia mkojo wa mtoto wake mkubwa? Unajua nilivyokuwa naomba? Nilikuwa namwambia Mungu nichukue mimi. Sasa umepona unataka kuitupa?"

"Sijapona. Nimewashiwa taa. Mwenye swichi ni yule aliyekuwa anakunywa chai hapa."

"Si ni taa? Kaa nayo basi!"

Akaendelea kumenya viazi. Anapokasirika anamenya ganda jembamba sana, unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Nikamwambia kwamba Mama Tumpale hatarudi. Nikamwambia kwamba watu watasema ni mimi niliyemuua, na watakuwa na haki. Hapo akaacha kumenya.

"Mama, hilo ndilo unaloogopa?"

"Yote naogopa. Naogopa yote kwa pamoja."

"Haya. Uoga hauna neno. Lakini sitavaa kitu kipya kilicholipiwa kwa njaa ya uongo ya Mama Tumpale."

Tulikuwa bado tunatazamana hivyo hodi ikabishwa. Alikuwa Tumpale mwenyewe, binti wa marehemu, amejitanda kitenge cheusi, kalamu na daftari mkononi. Alikuwa anazunguka kukusanya habari za wasifu. Amekwisha andika kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto sita. Ilibaki sehemu ya mwisho.

"Mama Sekela, shikamoo. Wale wa kampuni wamesema mama hakula siku ile. Mimi nakumbuka alitoka na ndizi kwenye kapu. Ila nilikuwa na usingizi, labda nachanganya. Wewe ulikuwa naye. Mama alikula?"

Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Sekela alinitazama mara moja tu, halafu akageuza uso kwenye viazi, asinishike hata kwa macho.

Nikashindwa. Si kusema uongo, si kusema kweli. Nikasema, "Mwanangu, nitakuja kaburini."

"Niandike nini sasa?"

"Andika walivyokwambia. Nitakuja."

Akaandika, akaenda zake. 

5

Jumamosi watu walijaa mpaka kwenye migomba. Dokta Ambindwile alikuwa mbele na shada la maua, pamoja na wakubwa wawili kutoka makao makuu. Wale wenye punje walikuja wengi pia, wakakaa upande wao kama kawaida, upande ambako upepo unatoka kwa watu kwenda kwao, si kutoka kwao kwenda kwa watu, maana hata msibani watu huziba pua. Mlinzi wa zamani alikuwa mkononi mwa Sekela. Dokta alimwona. Akanitazama mimi, nikatazama chini.

Mwongozaji akasoma wasifu kwa kipaza sauti. Kuzaliwa. Ubatizo. Watoto sita, wajukuu kumi na wanne. Mpenda utani. Halafu akafika.

"Marehemu alisumbuliwa na kisukari kwa muda mrefu. Siku ya Alhamisi alifariki ghafla baada ya sukari kushuka, kwa kuwa hakuwa amekula..."

"Alikula."

Ilikuwa sauti yangu. Sikumbuki kusimama. Mwongozaji akanyamaza, watu wakageuka, na mzee mmoja akasema, "Mama kaa, huu si mkutano." Nikakataa kukaa.

"Alikula ndizi mbili. Alikunywa chai ya maziwa kwa kikombe changu. Sukari haikushuka. Ameuliwa na gesi ya kibanda cha Ilindi. Karatasi za kupimia zilikuwa zimekwisha wiki tatu, tukaambiwa tumieni pua. Aliyesema ni huyu hapa mwenye shada."

Pakavuruguka. Dokta akainua mikono, "Ndugu zangu, mama huyu ana huzuni, tumsamehe," na baadhi ya watu walikuwa tayari kunisamehe. Ndipo Sekela akapita katikati yao. Wakampisha haraka, kama wanavyompisha siku zote, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru harufu yake. Akachukua kipaza sauti, akakisogeza kwenye mkono wake, akabonyeza. Ile sauti ya upole ikaenea kaburini kote: "Alhamisi, saa mbili na dakika kumi na tisa. Hewa si salama. Mia nne na sitini. Ondoka. Panda juu."

Mwongozaji akaikunja karatasi yake ya wasifu. 

Sikutaka ikomee pale. Ingekuwa rahisi ikomee pale, kampuni wabaya, mimi shahidi. Nikasema na la kwangu. Kwamba turubai nililishusha mimi. Kwamba mkeka niliutandika mimi. Kwamba aliniita akasema harufu imekatika, nami nikamjibu amalizie jasho lake. Kwamba harufu ikikatika si uponyaji. Ni pua imekufa, na wewe unafuata.

"Muuaji!" mtu akapiga kelele nyuma. "Na bado amekuja kula msiba!"

Tumpale alinyanyuka pale chini alipokuwa amekaa na shangazi zake. Akaja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanipiga, nikaacha uso wangu wazi apige.

"Ulimwambia amalizie jasho?"

"Nilimwambia."

 Akachukua kipaza sauti kutoka kwa Sekela, akanipa mkononi.

"Sema tena. Yote. Wa nyuma hawajasikia, na kesho wameandikishwa vibandani."

Nikasema tena, yote, tangu mwanzo. Nilikuwa bado nasema mlinzi alipotoa mlio mfupi, na kwa kuwa mkono wa Sekela ulikuwa karibu na kipaza sauti, kila mtu alisikia.

"Ndugu mteja. Huduma yako imesitishwa kuanzia sasa. Pole kwa usumbufu."

Wale wenye punje waliokuwepo pale wakatazama mikono yao kwa pamoja. Hakuna aliyezimiwa. Taa za walinzi wao zote zilikuwa zinawaka kijani. Alizimiwa Sekela peke yake. Dokta alikuwa amesimama, simu mkononi, hakuwahi kuirudisha mfukoni. Na hapo kila mtu pale kaburini akaelewa kwamba aliyezima ni mtu, si mitambo, nami nikaelewa kwamba zile figo mia nne nilizotishiwa nazo zilikuwa salama muda wote.

Mtu mmoja katika wenye punje, mwanamume wa makamo nisiyemjua, akaondoka upande wao, akaja akasimama nyuma ya Sekela. Halafu mwingine. Harufu ilikuwa kali, nakwambia. Hakuna aliyeziba pua.

6

Vibanda vya Ilindi vilifungwa wiki ile ile. Wale thelathini hawakuingia. Mimi nilihojiwa mara nne na nitahojiwa tena, nami nitajibu yale yale. Wapo wasionisalimia. Tumpale hanisalimii, na simdai salamu.

Harufu ilimtoka Sekela taratibu. Siku ya tatu shuka zilikuwa zinanukia sabuni tu. Muuza dagaa alimwita akamkaribisha kiti. Nilikaa jikoni, nyumba haina harufu yoyote, nikalia kama siku ile tuliyoambiwa habari ya mashine. Wiki ya sita povu likarudi. Sasa tunakwenda kwenye mashine mara tatu kwa wiki, kitanda cha dirishani. Walimpa nafasi baada ya habari kuenea, na wenzake humo wanamwita Mheshimiwa Viza. Gwamaka ameacha kazi kwa kampuni. Anasema kuna njia ya kuamsha punje bila ruhusa yao, anaitafuta, na Sekela amemwambia asimguse mpaka ajue kipimo chake kwa karatasi, si kwa imani.

"Unajuta?" nilimuuliza juzi, damu yake ikiwa inapita kwenye mipira.

"Najuta kwamba sikummwagia Dokta ile chai."

Nimesikia wamejenga vibanda vingine. Ng'ambo ya mlima, jina jipya, turubai jipya, na uvumi ule ule umetangulia mbele yao. Ninyi wa huko hamnijui. Someni haya, wasomeeni wasiojua kusoma.

Usiingie kwenye mvuke wa ardhini ambao haujapimwa siku hiyo hiyo.

Usiiamini pua. Ikisikia harufu, ondoka. Ikiacha kusikia, kimbia.

Usifunike turubai mpaka chini, hata kama ni baridi, hata kama mgonjwa amekuomba.

Usikae chini. Usilale. Usimtandikie mtu mkeka.

Usiende asubuhi ya ukungu isiyo na upepo.

Usiache dawa zako za sukari kwa sababu umefukizwa.

Usinunue punje wala chupa ya gesi ya mtaani.

Usikubali kazi ya kumhudumia mgonjwa kwa kipimo ambacho hukuonyeshwa.

Usiseme hakula kama alikula.

Na mtu akianguka mle ndani, usiingie kumtoa kabla hujakata kamba na hewa haijapita. Najua ni mama yako. Usiingie.